Trei ya karatasi za nakshi: vanishi, resini au kioo juu?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum nyote. Nina trei mbili za plaiwudi, za mstatili, kiasi cha sentimita 45 kwa 30, mikono imetobolewa ubavuni. Moja ni ya kupelekea vitu vya bibi harusi: udi, marashi, sabuni, vikuba vya asumini. Ya pili ni ya kahawa na halua, na hiyo itabaki nyumbani ikitumika. Nataka ndani nibandike karatasi zenye nakshi, ukingoni niweke lulu, lesi na riboni ya dhahabu.

Karatasi ninazo za aina tatu: za kufungia zawadi, zile nene za kadi na albamu, na sevieti za maua. Nilipokwama ni juu yake. Mmoja aniambia vanishi, wa pili resini, wa tatu ati nikatiwe kioo. Harusi ni mfungo pili, muda upo. Nataka sababu, sitaki "mimi hutumia hii" peke yake.

Shanga_na_Lesi

Aleikum salaam shoga. Kabla ya juu anza na karatasi, maana hizo tatu haziko sawa. Ile nene ndiyo rahisi kwa mkono mgeni. Kasoro yake, ikipata gundi hulowa na kutanuka, na ukiilaza papo hapo itatanukia juu ya ubao ifanye malengelenge. Paka gundi nyuma ya karatasi, iache dakika mbili tatu ilegee, ndipo uibandike. Anzia katikati, sukuma upepo kuelekea kingo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.

Ya zawadi ni nyembamba, hukunjamana, na rangi ya ubao huonekana chini yake. Sevieti ndiyo yenye maua mazuri kuliko zote lakini yataka subira. Ni tabaka mbili au tatu: zile nyeupe unazichambua na kuzitoa, unabaki na moja tu yenye picha, nyepesi hata pumzi yaipeperusha. Ubao chini upake rangi nyeupe, la sivyo maua yatafifia.

Ningekuwa mimi, nene kwa sakafu ya trei, sevieti kwa kuta za ndani. Hupinda kwenye kona bila ubishi.

FundiMajengo

Mwazungumza urembo, ubao hamjaugusa. Plaiwudi ipige msasa namba 120, kisha 220, pangusa vumbi, halafu paka koti moja ya gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Ubao mkavu hunywa gundi yote, karatasi haipati kitu, na wiki haijaisha pembe zanyanyuka. Paka na mgongo wa trei pia. Ubao uliozibwa upande mmoja tu hupinda kwa hewa yetu hii ya Mombasa.

Gundi nyeupe ya mbao yatosha. Zile za kopo kutoka ng'ambo kama Mod Podge ni nzuri, hubandika na kufunika kwa pamoja, lakini nazo ni za maji, na wenyewe waliozitengeneza wasema zikae wiki nne ndipo zikomae. Kidole kikigusa kikatoka kikavu haina maana trei iko tayari kubeba kitu.

Kwenye matundu ya mikono na ukingo wa juu, karatasi usiikate na mkasi. Iache izidi kidogo. Ikishakauka kabisa, shika msasa kwa mshazari usugue kwenda chini tu. Itakatika palepale kwenye mstari wa ubao, safi. Ukisugua kwenda juu waichana.

MwanaNyali

Resini, jamani! Ukitaka kila mgeni aulize umeinunua wapi, mwaga resini. Lulu bapa, maua makavu, vipande vya karatasi ya dhahabu, vyote vyazama ndani na juu pakawa tambarare. Hakuna vanishi ya kukupa hivyo.

Huja chupa mbili, ya resini na ya kukazia. Kuna za kuchanganya sawa kwa sawa na kuna za mbili kwa moja, fuata chupa yako wala usikisie. Koroga polepole huku ukikwangua kuta za kikombe, kisha usiiache humo kikombeni maana ikiwa nyingi hupata moto yenyewe. Trei ikae juu ya meza iliyopimwa kwa pimamaji, ama itajaa upande mmoja. Mapovu yapitishie mwali wa gesi haraka haraka. Funika kwa boksi, mbu akitua humo ndiye urembo wako wa milele. Kesho yake imeshika, lakini ipe siku tatu hadi wiki kabla ya kuipa kazi. Glavu mkononi, madirisha wazi.

FundiMajengo

Na umeliruka lililo kubwa. Karatasi isipozibwa kwanza kwa koti mbili za gundi, resini hupenya ikaacha madoa kama karatasi iliyofungiwa bajia. Hayatoki tena.

Halafu unyevu. Resini ikimwagwa siku ya hewa nzito hutoa utando wa mafuta mafuta juu, pengine ukungu. Wakati wa masika usijaribu, labda una chumba chenye kiyoyozi. Huko Nyali mnavyo, Kibokoni sijui.

MwanaNyali

Haha, si nyumba zote za Nyali, fundi.

MamaKisauni

Mimi nina swali moja tu. Hiyo trei ya kahawa, mdila, lile birika la kahawa, wawekwa wapi?

Resini nyingi za mambo ya urembo huanza kulegea joto likifika nyuzi 50 au 60 hivi. Mdila uliotoka kwenye makaa utakuachia duara siku ya kwanza, na duara halifutiki. Vanishi ya maji nayo, tone la kahawa lililolala chini ya finjani usiku kucha laacha alama.

Kioo, mwanangu. Enda kwa fundi wa vioo, mwambie milimita 3 au 4, na asugue kingo zisikate mtu. Karatasi chini, kioo juu. Halua ikidondoka wapangusa. Maua yakikuchosha wainua kioo wabadilisha karatasi, trei ile ile. Na jambo jingine: gundi na vanishi hizi si za kuwekewa chakula moja kwa moja. Halua iwe na sahani yake, lakini watoto wawajua wenyewe, kipande kikianguka chaokotwa chaliwa. Juu ya kioo sina wasiwasi.

MwanaNyali

Kioo kina uzito lakini, Mama. Jumlisha mdila, finjani na maji ya kunywa, anayebeba ni nani? Na hizo lulu zitaingia wapi chini ya kioo?

FundiMajengo

Uzito wahesabika. Kioo cha kipimo hicho cha milimita 3 ni kama kilo moja, cha milimita 4 kama kilo moja na theluthi. Plaiwudi iliyounganishwa vizuri yabeba. Iliyopigwa misumari midogo tu, geuza trei, tia gundi ya mbao kwenye maungio yote na ubane usiku mzima. Usimbebeshe mtu kabla ya hapo.

Ile plastiki inayofanana na kioo ni nyepesi, lakini yakwaruzika upesi na moto haiupendi. Hiyo siiungi mkono kwa kahawa.

La lulu ni kweli. Kitu chenye mgongo hakikai chini ya kioo.

MwalimuWaSanaa

Mwaionea vanishi. Huko Venice katika karne ya 18 mafundi walibandika picha zilizochapwa juu ya makabati na meza, wakazipaka vanishi tabaka kwa tabaka mpaka zikafanana na bidhaa za laki za China na Japani, zilizokuwa ghali mno. Siri ilikuwa kwenye tabaka, nyembamba na nyingi. Mtu apaka koti mbili nzito halafu asema vanishi haifai!

Paka nyembamba, acha ikauke, pitisha msasa namba 400 kwa mkono mwepesi, pangusa, rudia. Ukifika koti ya sita au ya saba, pitisha ukucha pale ukingo wa ua ulipo. Hauusikii tena. Ua limekuwa sehemu ya ubao. Mimi naona raha hiyo resini haitoi, resini yaficha kila kitu chini ya kina kimoja.

Chagua ya maji ukitaka weupe ubaki mweupe. Vanishi ya mafuta ni ngumu zaidi lakini huelekea manjano kadiri miaka inavyokwenda, na kwenye karatasi ya waridi utaona. Ila ya maji ina tabia moja hapa Pwani: hata ikikauka, ukipandanisha trei mbili joto likiwa kali zashikana. Weka kitambaa katikati.

BintiKibokoni

Maalim ahsante, hiyo ya ukucha imeniingia. MamaKisauni nawe umenishinda kwa mdila.

Sasa nina mawili. Kwanza, mamangu ataka pindo la leso lizunguke trei ya bibi harusi, si karatasi ya dukani. Pili, lulu na lesi nazishika kwa gundi gani? Ninayo ile ya moto ya kuchomeka kwa stima.

Bondeni_Original

Mamako ana jicho. Hapo Biashara Street pita na mkasi wako kichwani, utazame mapindo tu, mji, yaani ile sehemu ya katikati, uuache. Leso yenyewe usiikate kama ni nzuri. Peleka saiba wakupigie kopi ya rangi, lakini hakikisha ni mashine ya wino wa unga. Kopi ya mashine ya wino wa maji ikiguswa na gundi yachuruzika rangi, nyekundu yaingia kwenye nyeupe, kazi kwisha.

Shanga_na_Lesi

Kopi haina mguso wa kitambaa! Kata tu pindo la leso ya zamani, lifue litoke wanga wa kiwandani, lipige pasi, lipake gundi nyembamba likauke, ndipo ulikate. Likishakuwa na gundi halichanui nyuzi. Ubaya wake hunywa vanishi, ongeza koti.

Na ukiona jina la leso, yale maneno yaliyochapwa, lapendeza ukataka kuliweka katikati, lisome mara mbili bi. Kuna majina ya mafumbo pale, na trei yaenda mbele ya wakwe.

MamaKisauni

😂 Wataisoma, tena kwa sauti.

Shanga_na_Lesi

La lulu: gundi ya moto ni ya haraka lakini hulegea kwa joto. Trei iachwe kwenye gari juani nusu saa tu, na hivyo vitu vitapita gari kweli, ukifika lulu ziko chini ya sabuni. Lulu na vito tumia ile gundi ya mirija miwili, tone moja kwa kijiti cha meno. Lesi na riboni gundi nyeupe yatosha, ila riboni ya setini ipake kidogo kabisa, gundi ikipenya mbele huacha doa lisilotoka.

Epuka vifungo vya chuma na minyororo ya dhahabu bandia. Chumvi ya hewa hii huanza kuvila, chuma kutu, vile vya shaba kijani. Za plastiki zilizopakwa rangi zadumu zaidi, hata kama zaonekana rahisi dukani.

Bondeni_Original

Simbi je? Zapendeza kwenye ukingo.

MwalimuWaSanaa

Zapendeza, ila usiokote ndani ya hifadhi ya bahari, hairuhusiwi. Mapambo ya zamani yaliyokatika nyumbani hayakosi simbi.

BintiKibokoni

Basi nimekata shauri. Ya bibi harusi: karatasi nene sakafuni, pindo la leso la kitambaa kuzunguka, vanishi ya maji koti nyingi kama alivyosema Maalim, lulu ukingo wa juu peke yake ili chupa za marashi zisimame sawa. Haitawekewa kitu cha moto, kwa hivyo sioni haja ya kioo wala resini.

Ya kahawa: sevieti juu ya rangi nyeupe, koti chache za vanishi, kisha kioo cha milimita 4. Urembo wake uwe ubavuni nje, riboni tu. MwanaNyali usininunie.

MwanaNyali

Sinuni. Siku ukitaka sahani ya funguo ya mlangoni, ile isiyokutana na mdila, utanitafuta. 

FundiMajengo

Mpango mzuri. Kwa hiyo ya kioo, vanishi ikomae kwanza, tena kwa wiki kadhaa, ndipo kioo kiwekwe. Ukiwahi, unyevu hunaswa chini yake na karatasi yaota madoa meusi, ama vanishi yashika kioo usiweze kukiinua. Kwenye pembe nne tia tone la silikoni angavu lizuie kioo kucheza. Pembe tu, usizungushe kote.

Na kipimo cha kioo ukichukue mwisho, trei ikishapakwa. Rangi, karatasi na vanishi za kuta zote zaongeza unene. Pima juu, katikati na chini, maana trei za madukani ni nadra pembe zake kuwa sawa kabisa, shika kipimo kidogo kuliko vyote, kisha toa milimita 2 kila upande. Ukiweza ibebe trei yenyewe kwa fundi wa vioo, kioo kikijaribiwa palepale kikakataa, kinapunguzwa palepale.

BintiKibokoni

Naibeba yenyewe. Kuna fundi wa vioo mzuri karibu na Mwembe Tayari, ama nivuke Makupa?

Bondeni_Original

Mwembe Tayari wako. Enda asubuhi, mchana wana foleni ya watu wa madirisha na kazi ndogo hawaitazami.