Kutoka tiba ya viungo hadi ergonomia: nianzie wapi?

Mwanagenzi7

Habari zenu wadau. Nina shahada ya tiba ya viungo na nataka kuhamia ergonomia, yaani kupanga kazi na vifaa viendane na binadamu badala ya kusubiri watu waumie ndipo watibiwe. Mtaalamu wa ergonomia anafanya nini hasa kazini, ukiacha kurekebisha viti vya ofisini? Shahada yangu inatosha au nirudi darasani? Na vyeti vinavyoheshimika ni vipi? Naomba majibu yenye vipimo, maelezo ya juu juu nimeshayasoma mengi.

FundiMikao

Karibu mkuu. Viti ni kipande kidogo sana. Taaluma hii kwa kawaida hugawanywa mara tatu: ergonomia ya mwili, ya akili, na ya mpangilio wa kazi (zamu, timu, mawasiliano). Kwa aliyetoka tiba ya viungo, mlango wa karibu ni ule wa mwili: viwanda, maghala, migodi, wodi za hospitali.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: tepu ya kupimia, mizani, kipima nguvu cha kusukuma na kuvuta, na kamera. Rekodi kazi kwa upande na kwa mbele, mizunguko kadhaa ya watu tofauti, kisha waulize wanaoifanya ni wapi panapouma na ni hatua ipi inawachosha. Baada ya hapo ndipo unachagua njia ya kukokotoa, si kabla.

Chukua mfano wa kunyanyua, kwa kanuni ya NIOSH (taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini) iliyorekebishwa mwaka 1991. Sanduku la kilo 15 linashikwa sm 25 kutoka sakafuni, linawekwa kwenye meza na mikono ikiwa sm 100. Mikono iko sm 50 mbele ya katikati ya vifundo vya miguu. Mara 1 kwa dakika, zamu ya saa 8, mshiko wa wastani, bila kujipinda.

Unaanza na kilo 23, kisha unapunguza:
- umbali wa mlalo: 25 ÷ 50 = 0.50
- kimo cha mikono: 1 − 0.003 × (75 − 25) = 0.85
- safari ya mzigo kwenda juu: 0.82 + 4.5 ÷ 75 = 0.88
- marudio (kutoka kwenye jedwali): 0.75
- mshiko: 0.95

Zidisha vyote, unapata kilo 6.1. Huo ndio uzito unaopendekezwa kwa mazingira hayo. 15 ÷ 6.1 inakupa fahirisi ya 2.4 hivi, na lengo ni isizidi 1.

Sasa tazama utamu wa kanuni hii. Ondoa kizuizi kinachomweka mtu mbali, umbali wa mlalo ushuke hadi sm 30: uzito unaopendekezwa unapanda hadi kilo 10.2, fahirisi 1.5. Kisha pandisha sanduku juu ya jukwaa ili lishikwe kwenye sm 75 (kimo, safari na mshiko vyote vinakuwa 1): kilo 14.4, fahirisi 1.04. Hukugusa uzito wa sanduku wala mwili wa mtu.

Ndiyo maana napinga kabisa jibu la "tuwafundishe kukunja magoti". Sanduku pana lisilopita kati ya magoti humlazimisha aliyechuchumaa kulishika mbali zaidi na mwili, na umbali wa mlalo ndio unaokula kilo nyingi kuliko vingine hapo juu.

Makosa ya wanaoanza ni yale yale. Wanapima umbali kutoka tumboni badala ya kwenye vifundo. Wanapima pale mzigo unapochukuliwa tu na kusahau pale unapowekwa, hata kama unatakiwa kuwekwa kwa uangalifu. Wanapima kazi ilivyoandikwa kwenye mwongozo, si inavyofanywa. Na wanaitumia kanuni mahali isipofaa: mzigo wa mkono mmoja, mtu aliyekaa au kupiga magoti, kusukuma toroli.

SautiYaSkrini

FundiMikao amemaliza upande wa mwili. Upande wa akili usiuache hivi hivi, maana huko nako kuna ajira: vyumba vya kuongozea mitambo, usafiri wa anga, reli, vifaa tiba, programu za kompyuta.

Chimbuko lake linaeleza kazi yenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za Marekani walikuwa wakikunja magurudumu baada ya kutua, ilhali walikusudia kurudisha vibawa vya kutulia. Swichi mbili zilifanana na zilikuwa jirani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipendekeza zitofautishwe kwa umbo, moja kama gurudumu na nyingine kama kibawa, ili mkono ujue bila jicho. Mwaka 1947 watafiti Fitts na Jones wakachambua makosa 460 ya marubani na kuonyesha kwamba mengi yalianzia kwenye muundo wa vifaa.

Kwenye vifaa tiba, kiwango cha kimataifa kinachotumika ni IEC 62366-1. Kazi inaanza na uchambuzi wa majukumu: kila hatua unauliza mtumiaji anaona nini, anaamua nini, anagusa nini, na akikosea nani anaumia. Halafu kuna majaribio ya awali, watu wachache, mara nyingi, muundo ukiwa bado laini. Mwisho ni jaribio la kuthibitisha, ambapo mwongozo wa FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) wa mwaka 2016 unataka angalau watu 15 kwa kila kundi la watumiaji. Wauguzi na wagonjwa wanaojihudumia nyumbani ni makundi mawili, kwa hiyo ni 30.

Jaribio huharibika kwa mdomo wa msimamizi. Mshiriki akikwama, msimamizi anamwambia "jaribu kile cha kijani", na data ya jukumu hilo imekufa. Usimuulize pia kama ameelewa, kwani karibu kila mtu atasema ndiyo. Mpe jukumu, nyamaza, hesabu makosa, kisha baadaye muulize kwa nini alibonyeza alipobonyeza.

Mwanagenzi7

Asanteni sana, hesabu ya sanduku nimeirudia kwa mkono na imetoka sawasawa. Bado suala la masomo na vyeti. Na mwajiri nitamwonyesha nini wakati sina uzoefu wa kazi hii?

Mizani

Ndugu, shahada yako inakupa anatomia na jicho la kuona mkao mbaya. Pengo lako ni kwamba umezoeshwa kumtazama mgonjwa mmoja, na huku unasanifu kwa ajili ya kundi zima. Soma takwimu na vipimo vya miili. Kanuni ya mwanzo: kufikia hupangwa kwa mtu mfupi, nafasi ya kupita hupangwa kwa mtu mkubwa. Rafu ya juu ifikiwe na mwanamke wa pasentaili ya 5 (yaani ni 5 tu kati ya 100 walio wafupi kuliko yeye), uwazi chini ya meza utoshe mapaja ya mwanamume wa pasentaili ya 95. Usisanifu kwa "mtu wa wastani". Gilbert Daniels, mtafiti wa Jeshi la Anga la Marekani, alipima marubani 4,063 mwaka 1950, na kwa vipimo 10 alivyochagua hakupata hata mmoja aliye karibu na wastani kwa vyote. Pia usijumlishe pasentaili za mguu, kiwiliwili na kichwa ukidhani umepata pasentaili ya urefu mzima. Hesabu hiyo haitoki. Na majedwali mengi ni ya watu wasiovaa viatu, ongeza kama mm 25.

Mengine ya kujaza: mwanga, kelele na mtetemo, kusoma michoro ya kihandisi, uchambuzi wa majukumu. Shahada ya uzamili ya ergonomia ndiyo njia iliyonyooka. Cheti cha CPE (mtaalamu wa ergonomia aliyethibitishwa) cha bodi ya BCPE ya Marekani kinadai masomo ya ergonomia yanayothibitika, miaka 3 ya kazi, na mtihani. Kwa mwenye masomo lakini hajatimiza miaka, kuna ngazi ya chini, AEP. Uingereza kuna CIEHF, taasisi ya wataalamu wa ergonomia iliyopata hati ya kifalme mwaka 2014. Ulaya kuna cheti cha Eur.Erg. Kabla ya kulipia kozi yoyote fupi, uliza kama saa zake zinahesabiwa na bodi unayoilenga. Kozi nyingi za siku mbili hazikufikishi huko.

Kwa mwajiri, peleka kazi tatu zilizopimwa kabla na baada, kwa njia ile ile moja. RULA na REBA ni njia mbili za kuupa mkao alama za hatari; ukipima RULA kabla na REBA baada, umelinganisha vitu viwili tofauti: alama za ya kwanza zinaishia 7, za ya pili 15. Kila kazi iwe ukurasa mmoja: kazi gani, namba ya mwanzo, kilichobadilishwa, gharama, namba ya mwisho. Ripoti yenye mapendekezo 20 hufungiwa kabatini. Weka mawili yanayoweza kutekelezwa mwezi huo na moja la kuingizwa kwenye bajeti.

Na unapotafuta nafasi, usitafute neno ergonomia peke yake. Nyingi zimejificha ndani ya idara za usalama na afya kazini, usanifu wa bidhaa, uhandisi wa uzalishaji na ubora.

FundiMikao

Naongezea kwenye RULA. Mkao wa kupima chagua kwa sababu inayoandikika: unaodumu muda mrefu zaidi, au wenye mzigo mkubwa zaidi. Ukichagua picha moja mbaya kuliko zote bila kueleza, meneja wa uzalishaji atasimamisha video sekunde tatu mbele na kukuonyesha mkao mzuri, na hapo huna la kujibu. Andika pia sekunde ya video uliyopimia.