Lipiko Kanywa Fanta

Kundi: UKOO WA BIBI SOMOE 🥥
Jumapili

06:12 Mjomba Mchopa: Assalaam alaykum ukoo wote. Naomba kujua nani kamrekodi lipiko, mcheza ngoma wa kinyago asiyetakiwa kujulikana ni nani. Nataka jibu kabla sijatoka kwenda shamba.

06:12 Mjomba Mchopa: 🎥 Video 0:38 *(Imesambazwa mara nyingi)*

06:20 Issa: Waalaykum salaam. Shkamoo mjomba.

06:21 Issa: Sekunde ya 22 😂😂😂😂

06:21 Issa: Samahani mjomba.

06:23 Mjomba Mchopa: Marahaba. Hakuna cha kucheka hapo.

06:40 Tatu (Dar): Shkamooni wakubwa. Mimi bando limekata, haifunguki. Kuna nini?

06:44 Mwalimu Rashidi: Nakueleza. Mwanzo ni ngoma ya jana Kitangari, wali (wasichana waliofundwa) wanatolewa nje, kanga mpya, vumbi, vigelegele. Halafu kamera inazunguka nyuma ya nyumba, pale kwenye mkorosho wa jikoni. Lipiko kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu kaitanua. Kinyago kakiweka magotini kama mtu aliyepakata mtoto. Anakunywa Fanta kwa mrija.

06:45 Tatu (Dar): 😳

06:45 Tatu (Dar): Sura inaonekana?

06:46 Mwalimu Rashidi: Mpaka pengo.

06:47 Tatu (Dar): Basi ni Dulla. Maskini Dulla.

06:47 Mjomba Mchopa: USITAJE JINA

06:48 Issa: Mjomba, watu elfu arobaini na moja wameshaitazama. Jina tukilitaja sisi wa ukoo haliongezi kitu.

07:31 Salma: Shkamooni nyote. Ni mimi.

07:33 Salma: Wallahi sikukusudia. Nilikuwa namrekodi Zuhura anavyotoka, nikaenda nyuma ya nyumba kwa sababu mtandao pale mbele haukamati, simu ikawa bado inarekodi. Nikaitupia TikTok bila kuitazama mpaka mwisho. Nimekuja kustuka saa nne usiku naona arifa hazikatiki, watu wanaandika "kumbe mizimu inapenda Fanta".

07:35 Issa: Kuna mmoja kaandika "ya baridi au ya moto?" 😂

07:36 Tatu (Dar): Na kuna wale wa "watu wa kusini bado mko huku mwaka huu". Hao ndio wananikera. Wakiona ngoma ya Wamasai kwenye hoteli wanapiga makofi, wakiona yetu tuko nyuma.

07:52 Mjomba Mchopa: Sikilizeni niseme, maana nikikaa kimya mtasema mzee anachukia simu. Mimi sichukii simu. Simu hii hii inaniletea ujumbe wa benki pesa ya korosho ikiingia. Hata mnada siku hizi umehamia mtandaoni, bei tunaiona kwenye skrini. Zamani barua za wanunuzi zinafunguliwa moja moja mbele yetu, mtu akitaja bei ya kihuni uwanja mzima unasimama HATUTAKI. Msimu wa 2018 tulisimama hivyo mpaka serikali ikaingia yenyewe kununua kwa 3,300. Nilidhani skrini itatuziba midomo. Msimu wa kwanza wa mtandao, 2024, kilo ikavuka 4,000, nikanyamaza. Sawa. Lakini korosho ni korosho. Bei ikiwekwa hadharani anayefaidi ni mkulima, wa kangomba, mnunuzi wa magendo, ndiye anayekosa pa kujificha. Lipiko akiwekwa hadharani anafaidi nani?

07:53 Issa: Salma. Kapata wafuasi mia sita kwa usiku mmoja.

07:53 Salma: Issa nyamaza tafadhali.

08:05 Mwalimu Rashidi: Mjomba, kwa heshima, mambo ya kurekodiwa hayakuanza na Salma. Mwaka 1906, vita ya Majimaji hata haijapoa, alikuja Mjerumani anaitwa Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alishukia Lindi, akaenda Masasi, akapanda huku juu akaweka kambi Newala. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti kwenye nta na kamera ya sinema. Alipiga picha ngoma, akakusanya na vinyago, akafunga mizigo akaondoka. Babu zetu wako kwenye filamu miaka mia na zaidi sasa. Form three huwa wanabisha nikiwaambia.

08:07 Mjomba Mchopa: Huyo Mjerumani alimkuta lipiko anakunywa Fanta?

08:08 Mwalimu Rashidi: Fanta ilikuwa bado. Ilikuja kutengenezwa miaka ya 1940. Hukohuko Ujerumani 😅

08:08 Issa: Kwa hiyo Mjerumani kahusika mara mbili 😂😂

08:15 Mjomba Mchopa: Rashidi wewe umesoma, mimi ni wa darasa la saba, lakini nisikilize. Mjerumani alichukua akaenda nazo kwao. Mtoto wa jirani yangu hakuiona picha ile akienda kuteka maji. Hii ya Salma imetoka Kitangari imekwenda duniani, ikarudi Kitangari kabla hatujakunja mikeka. Wali wenyewe walikuwa bado wanacheza uani, dada zao wameshamwona lipiko kwenye simu anafuta mdomo.

08:17 Mwalimu Rashidi: Hapo sina jibu.

08:20 Issa: Mbona uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara, kwenye tamasha la MaKuYa la Wamakonde, Wamakua na Wayao, mapiko yanachezwa mchana kweupe, watu wana kamera kubwa kuliko ya Salma?

08:31 Dulla Boda: Nijibu mimi.

08:31 Tatu (Dar): 👀

08:38 Dulla Boda: Uwanjani unajua umekwenda kutazamwa. Unatoka umefunikwa, unarudi umefunikwa. Jana nilikuwa nyumbani. Nimecheza tangu saa tisa. Kile kinyago huoni kwa macho yake, unaona kwa mdomo wake, tena kile cha babu ni kizito na zile nywele zinawasha shingoni balaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuvuta pumzi. Kila mtu ana nyuma ya nyumba yake jamani.

08:39 Dulla Boda: Leo kijiweni abiria wa kwanza kaniambia "Lipiko, nifikishe zahanati". Hata bei hakuuliza. Jina ndiyo limeshakaa hilo.

08:41 Dulla Boda: Yule mtoto wa duka la jirani alikuwa akisikia njuga zangu anaingia uvunguni. Leo kanikimbilia, kauliza kama imebaki.

08:42 Issa: Pole bro. Kweli hapa sicheki.

08:42 Salma: Kaka Dulla nisamehe 😭

08:44 Dulla Boda: Yameshapita. Wazee wamesema nitoe kuku wawili. Mmoja utoe wewe.

08:44 Salma: Natoa.

08:50 Mjomba Mchopa: Watatu.

08:58 Baba Zuhura: Wakwe zangu, mimi mtu wa Lindi sikutaka kuingilia mambo ya juu huko. Ila kuku wakiwa watatu na uraka, pombe ya mabibo, msimu huu upo, mnijulishe saa.

09:06 Mama Zuhura: Nimekaa nasoma tu. Tangu saa kumi na mbili mnajadili kinyago. Kinyago, Mjerumani, Fanta, korosho, sasa mmefika kwenye uraka.

09:07 Mama Zuhura: Hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja sekunde ya tano.

09:09 Mama Zuhura: Sekunde ya tano ni mwanangu. Kafunikwa, kanga inafunuliwa usoni, kamera imemganda pale. Ana miaka 12. Januari anaingia darasa la saba. Nimeyasoma yale maoni yote mpaka saa nane usiku. Mnacheka ya Fanta kwa sababu ndiyo ya juu. Teremkeni chini. Kuna wanaume wazima wanauliza hiki ni kijiji gani.

09:10 Mama Zuhura: Lipiko ni mtu mzima, ana pikipiki yake, akiambiwa neno anajibu. Zuhura atajibu nini?

09:31 Tatu (Dar): Dada, pole. Na tusamehe. Mimi mwenyewe niliuliza sura ya Dulla, ya mtoto sikuiuliza.

09:34 Tatu (Dar): Kazini tulishawahi kufundishwa haya. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, picha ya mtoto si kitu cha kurusha tu. Na hiyo TikTok yenyewe, chini ya miaka 13 haruhusiwi hata kufungua akaunti. Yaani Zuhura kuingia mwenyewe hawezi, sisi tumemwingiza.

09:35 Baba Zuhura: Mama Zuhura, hili la maoni hukuniambia.

09:35 Mama Zuhura: Ulikuwa umelala.

09:48 Bibi Somoe (simu ya Mwanaidi): 🎤 Ujumbe wa sauti 2:14

09:50 Mjomba Mchopa: Spika yangu mbovu. Mwenye nafasi aniandikie mama kasema nini.

10:04 Tatu (Dar): Naandika nilivyosikia, msinikatishe:

"Mchopa, wewe mwanangu punguza kelele, asubuhi yote mara lipiko mara lipiko, mtu hata uji hajanywa. Mimi lipiko wa kwanza kumtambua alikuwa baba yako. Sijaolewa bado. Alikuwa na ufa kisigino cha kushoto, mpana hivi (sijui kaonyesha nini, ni sauti tu 😂). Nguo ilipopepea nikauona ule ufa, nikajua huyu ni fulani wa mtaa wa pili. Nikakimbia na wenzangu, nikapiga ukelele kushinda wote. Wanawake tulijua. Mama zetu walijua. Nguo za kumfunika mnaazima kwetu, tusizitambue kanga zetu? Lakini hakuna aliyefungua mdomo. Mtu kahangaika kujificha kwa ajili yako, na wewe unahangaika kutomwona. Ndiyo ngoma yenyewe hiyo. (Hapa anakohoa.) Sasa hiki kisimu cha Salma hakikufundwa. Kinaona, kinasema hapohapo. Salma mjukuu wangu, ifute. Ya kinyago tutayamaliza na kuku, huyo mtoto mwondoe huko. Na wewe Dulla usimlaumu mtu kwa ile Fanta. Nilikupelekea mimi."

10:05 Issa: 💀💀💀

10:05 Mwalimu Rashidi: Bibi!!!

10:06 Dulla Boda: Ni kweli. Alikuja nayo chini ya kanga, akaiweka juu ya mzizi, akaondoka bila kunitazama. Nilidhani kasahau.

10:09 Mjomba Mchopa: Mama ulijua???

10:10 Mjomba Mchopa: Mimi nimecheza miaka tisa.

10:13 Bibi Somoe (simu ya Mwanaidi): 🎤 Ujumbe wa sauti 0:04

10:14 Tatu (Dar): Anasema "Wewe nilikuwa nakujua kwa kikohozi."

10:14 Issa: 😂😂😂😂😂 Mwanaidi mrudishie bibi vocha, nalipa mimi

10:31 Salma: Nimeifuta. Ila kuna akaunti tatu wameshaidaunlodi wakaiweka kwao, moja imewekewa na singeli. Nimeziripoti zote. Naomba na nyie mripoti, zikiripotiwa na wengi zinashughulikiwa haraka. Nawawekea viungo hapa chini, msiitazame tena, bonyezeni tu ripoti.

10:33 Issa: Niko nazo. Asiyejua kuripoti aje pale kibandani kwangu sokoni, siku ya leo ni bure.

10:36 Mama Zuhura: Ahsante Salma. Mchana uje mwenyewe uzungumze naye. Mimi nimemwambia nusu, nyingine umwambie wewe uliyeirusha.

10:37 Salma: Nakuja ma'mdogo. Yeye anasemaje?

10:41 Mama Zuhura: Yuko juu ya mkorosho anakula mabibo. Kaniuliza tu kama na yeye atatoa kuku.

10:52 Issa: Ila mjomba, swali dogo. Hii uliyoiweka hapa asubuhi ina alama ya kusambazwa mara nyingi. Wewe uliitoa wapi?

10:58 Mjomba Mchopa: Kundi la msikiti.

10:58 Issa: Na hukuipeleka kwingine?

11:07 Mjomba Mchopa: Niliipeleka kundi la AMCOS, chama chetu cha ushirika. Na kundi la tuliomaliza darasa la saba 1979. Na kwa mjumbe. Nilitaka waone aibu hii.

11:07 Tatu (Dar): Mjombaaa 🙆🏾‍♀️

11:08 Mwalimu Rashidi: AMCOS mko wangapi?

11:09 Mjomba Mchopa: Mia tatu na ushee.

11:10 Mama Zuhura: Kaka, tafadhali. Ifute sasa hivi.

11:16 Mjomba Mchopa: Nimefuta. Kote kote.

11:19 Issa: Mjomba, mimi niko kwenye lile la AMCOS, naweka bei za sulfa, dawa ya mikorosho. Bado ipo.

11:21 Mjomba Mchopa: Haipo. Nimetazama mwenyewe.

11:21 Issa: Ulibonyeza "Futa kwa wote" au "Futa kwangu"?

11:30 Mjomba Mchopa: Kwangu haipo.