Chai ilishuka bei, wakaitosa baharini: Wamarekani waligomea kodi kweli?

Mleta mada: Wakuu, "hakuna kodi bila uwakilishi", kauli ya makoloni ya Uingereza kule Amerika yasiyokuwa na wabunge London, tuliikariri sekondari, ila kuna kitu hakinikai. Sheria ya Sukari ya 1764 ilipunguza ushuru wa molasi ya kigeni kutoka peni 6 hadi 3 kwa galoni. Tofauti ni kwamba safari hii ulidaiwa kweli. Sheria ya Chai ya 1773 nayo ikashusha bei ya chai halali, ushuru wa peni 3 kwa ratili ukiwa humohumo. Bado Desemba 16 makasha 342 yakatoswa bandarini Boston. Nani anatupa bidhaa iliyoshuka bei? Mimi naona wenye magendo walibanwa, wakawaazima wananchi hasira zao.

Mchangiaji 1: Magendo sibishi. Meli ya John Hancock, mfanyabiashara wa Boston, iitwayo Liberty, ilikamatwa 1768 kwa tuhuma hizo hizo. Lakini umeiruka 1765, mkuu! Sheria ya Stempu, yaani kodi ya muhuri kwenye karatasi, iligusa hati za mashamba, leseni, magazeti, hata karata na dadu. Yaani Bunge la Uingereza liliwachokoza mawakili na wachapishaji kwa mkupuo mmoja, watu ambao kelele ndiyo kazi yao. Oktoba wajumbe wa makoloni 9 walikutana New York, na Machi 1766 sheria ikafutwa. Siku ileile ikasainiwa nyingine: Bunge lina mamlaka juu ya makoloni katika mambo yote.

Mchangiaji 2: London nayo isikilizwe. Vita ya Miaka Saba iliisha 1763 ikiwa imeiachia Uingereza deni la zaidi ya pauni milioni 120, na risasi za kwanza zililia hukohuko Amerika. Waingereza wa nyumbani walikuwa wakilipa stempu tangu 1694. Manchester haikuwa na mbunge wake, mbona ililipa?

Mchangiaji 1: Mbunge akiipandishia Manchester kodi, na yeye analipa. Akiwapandishia Boston, anajipunguzia mzigo wake. Halafu someni kodi za Townshend za 1767, ushuru wa bidhaa zilizoingizwa makoloni, zilikusudiwa kulipa nini: mishahara ya magavana na majaji. Kabla ya hapo, mabaraza ya makoloni mengi ndiyo yaliyomlipa gavana. Akiwa mkaidi, mshahara unachelewa. London ilitaka kuwanyang'anya rungu hilo. Ushuru wa chai ndio ulibaki katika kodi zile zilipofutwa 1770, kwa hiyo ukinunua kikombe kile cha bei poa, umeshakubali Bunge likutoze kodi.

Mleta mada: Hapo kwenye mshahara wa gavana umenibana, nakiri. Magendo bado siyaachii: chai ya magendo ya Waholanzi ilikuwa na wenyewe, na Kampuni ya India ya Mashariki, ile ya Waingereza, ilikuja kuwauzia chini ya bei. Na Charleston, bandari nyingine ya makoloni, mnaielezaje? Mwezi uleule chai ilishushwa, ikafungiwa ghalani, haikutoswa. Kama kikombe kilikuwa mtego, mbona wao hawakuona haja ya kuimwaga?