Naomba ushauri: ving'ora vya gesi kwenye jengo la wapangaji

Habari zenu ndugu. Nimekwama, naomba mnisaidie mawazo.

Niko kwenye kamati ya wapangaji wa jengo letu la ghorofa. Karibu kila jiko lina mtungi, na tunataka kila nyumba iwe na king'ora cha kutambua gesi inayovuja. Mwenye jengo anasema harufu inatosha. Mimi naona haitoshi kabisa: aliyelala fofofo haamshwi na harufu, na tuna wazee ambao pua zao hazinusi tena vizuri. Isitoshe, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, na ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, cheche ya swichi tu inaweza kuilipua.

Tumemwandikia barua, tukamwita kikaoni. Amekubali kimoja tu, tena kwenye dari ya korido! Hapo kingefaa gesi asilia ya bomba, ambayo hupanda juu, si hii yetu.

Mliowahi kufanikiwa, sharti hili mliliingiza kwenye mkataba wa pango au kwenye kanuni za jengo? Na kifaa kikiisha muda wake, gharama ya kukibadilisha anabeba nani?

Natanguliza shukrani.