Tairi za Premio: elfu 26, nne za Kichina au mbili za Kijapani?

BintiTudor
Salaam aleikum jamaa. Gari yangu, Toyota Premio, yavaa tairi za saizi 185/65 R15. Mbili za mbele zimekwisha kipara, za nyuma zina meno. Dukani Mwembe Tayari za Kichina ni 6,500 moja, za Kijapani 12,000. Mtumba 3,000, lakini mtumba nishaumwa nao. Mwaka jana nilinunua mbili, meno yamesimama wima, nikajiona mjanja. Mwezi wa tatu natoka Voi, sijafika Mariakani, moja ya nyuma ikachunika ngozi kama muwa. Malori yanipita ubavuni, watoto walia nyuma.
Siku nyingi ni Tudor na Nyali, kupeleka watoto skuli. Voi naenda kwa mamangu mara moja kwa mwezi. Nina elfu 26, hakuna nyingine.

Fundi_Magongo
Pole dada. Ulisoma namba? Ubavuni mwa tairi pana herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 3516 ni wiki ya 35, mwaka 2016. Mpira wazeeka hata ukikaa stoo, na meno hayakwambii.
Kichina si tusi. Tazama tarehe, tena tazama namba ya mzigo: 88 maana yake tairi moja yabeba kilo 560. Usishuke hapo hata uuziwe kwa bei ya mchicha.
Halafu upepo! Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kila ikizunguka, joto lapanda ndani mpaka mpira na nyuzi zaachana. Watu wanijia na pauni 20 walaumu kiwanda. Pima alfajiri gari ikiwa baridi, kipimo kimebandikwa mlangoni kwa dereva.

Mlikoni
Mbili za Kijapani, funga mbele. Gari yavutwa na mbele. Kwisha maneno.

Fundi_Magongo
Sivyo, shekhe. Ukinunua mbili, mpya zikae nyuma, zile za nyuma zije mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji, usukani wakwambia, wapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza ushageuka watazama ulikotoka.

Mlikoni
Miaka ishirini nafunga mbele na sijageuka.

Fundi_Magongo
Alhamdulillahi.

BintiTudor
Nimeshuka na tochi, majirani wadhani nimepoteza hereni. Nyuma kulia 0922. Kushoto 4014! Ndiyo pacha wa ile iliyochunika, na bado nabebea watoto. Kifungua mimba wangu alizaliwa 2015.
Kwa hivyo mbovu ni tatu, si mbili, na za Kijapani hazinifai kwa pesa hii. Nachukua nne za Kichina, nisome tarehe moja moja kabla hazijafungwa. Ile ya 0922 iwe spea.

Fundi_Magongo
Sawa kabisa. Waambie wabalansi, yaani wasawazishe uzito wa magurudumu. Na alaimenti, kunyoosha magurudumu, usiiache, la sivyo hizo mpya zitalika upande mmoja.

BintiTudor
Alaimenti mwisho wa mwezi, inshallah. Mama wa Voi nishampigia, asiningoje Jumamosi hii.