Gumzo la majirani wa Tudor, Mombasa: Majilio na wazee wetu

*Jumanne, 25 Novemba 2025*

Mwenyekiti wa Jumuiya 18:42
Habari za jioni majirani. Jumapili inayokuja, tarehe 30, sisi Wakatoliki tunaanza Majilio, majuma ya kungoja Krismasi. Mwaka huu jumuiya imeamua kujiandaa pamoja na wazee wanaotunzwa kwenye ile nyumba ya masista. Kwa kuwa wengi humu mnawajua wazee wale, hata msio wa kanisa letu, nimeona tuzungumzie hapa hapa. Nimemwingiza Sista kwenye kikundi. Sista, Tumsifu Yesu Kristu, karibu.

Mama Pacha 18:44
Milele na milele, Amina. Karibu Sista 🙏

Bi Mkubwa wa Chini 18:47
Karibu mwanangu. Hapa ni kwenu.

Kiongozi wa Vijana 18:55
Shikamoo Sista. Shikamoo Bi Mkubwa. Sisi vijana tumeshajipanga. Jumapili yenyewe tuje na keki, spika, nyimbo za Krismasi, na zawadi zilizofungwa, kila mzee apate yake. Picha tutaweka kwenye ukurasa wa vijana ili na parokia nyingine zihamasike.

Bi Mkubwa wa Chini 18:56
Marahaba mwanangu.

Sista 19:21
Marahaba, na shukrani kwa kunikaribisha. Kiongozi wa Vijana, moyo wako nimeuona na umenifurahisha. Niruhusuni niseme mambo yalivyo kwetu, kisha mpime wenyewe.

Wageni wengi hutufikia kuanzia katikati ya Desemba hadi siku ya pili ya Krismasi. Kuna siku vikundi vitatu hufika kabla ya chakula cha mchana. Wazee huamshwa, huvishwa, huketishwa ukumbini, huimbiwa, hupewa soda na biskuti, na jioni wamechoka hata Rozari hawaimalizi. Ikiingia Januari, geti kimya. Silaumu mtu. Bila wageni hao kuna vitu tusingevipata kabisa, na tunawaombea. Ila mkiniuliza wazee wanataka nini, wanataka mtu wa kuketi nao. Kuketi tu, bila kutazama saa.

Picha naomba tuziache. Wapo ambao jamaa zao wako mjini humu humu, na hawapendi kuonekana wakipokea msaada. Mzee akikuomba mwenyewe mpigwe picha pamoja, sawa, pigeni, umsafishie, umpelekee yake mkononi. Usiisambaze.

Na moja zaidi, hili nawaomba kwa moyo wangu wote. Msiage kwa kusema "nitarudi kesho" kama hamji kesho. Tuna bibi mmoja aliambiwa hivyo na mgeni aliyempenda, na kesho yake alikaa barazani toka asubuhi, hakukubali kuingia kula. Sema "asante kwa kunipokea". Hiyo haimdai mtu kitu.

Mama Pacha 19:24
Hilo la barazani limeniuma.

Kiongozi wa Vijana 19:26
Nimekuelewa Sista. Picha tunaziondoa. Spika je?

Katekista 19:38
Kijana wangu, spika iache, na nyimbo za Krismasi zingoje zamu yake. Majilio ni kipindi kizima, si utangulizi wa sherehe. Kinaanza kwa Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya jioni, ya Jumamosi hii na kinakwisha jioni ya mkesha wa Noeli. Rangi ni zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi siku za Jumapili, ila Aleluya inabaki, kwa sababu ni kungoja kwa furaha. Jumapili ya tatu, tarehe 14 Desemba, ndipo rangi ya waridi inaingia, kuonyesha kwamba tumekaribia. Nyimbo za Majilio zenyewe zipo nyingi na nzuri, na wazee wanazijua kwa moyo kuliko kwaya yetu.

Tena fungueni Injili ya Luka sura ya kwanza na ya pili muone Mungu alianza na kina nani. Zakaria na Elizabeti, wote wawili wazee. Simeoni, aliyeahidiwa kwamba hatakufa kabla ya kumwona Masiya. Ana binti Fanueli, mjane wa miaka themanini na minne, hatoki hekaluni. Mtoto Yesu alipoletwa hekaluni, waliomtambua ni Simeoni na Ana. Mimi nasema sisi ndio tunaoenda kufundishwa kungoja pale, si kwamba tunapeleka Majilio kwa watu wasionayo.

Baba Pacha 19:41
Katekista umenena.

Mama Pacha 19:43
Sasa shada la Majilio, lile duara la majani na mishumaa minne, tulipate wapi? Mjini yapo ya plastiki, yamekuja na theluji ya kubandika. Nikawaza theluji na joto hili la Mombasa, nikayaacha dukani.

Sista 19:52
La plastiki halihitajiki. Tunaye bibi aliyesuka mikeka maisha yake yote. Vidole vimekakamaa kidogo lakini ukili bado anaufanya. Ameshaanza kusuka pete ya miyaa, duara kubwa kama sinia la pilau. Tutalivika majani mabichi Jumamosi. Yeye anataka mvinje, anasema unakaa wiki mbili bila kupukutika.

Baba Pacha 19:55
Mvinje naleta mimi. Ninafanya kazi upande wa Bamburi, namjua mtu mwenye miti mingi kwake. Kule machimbo ya simenti yalikuwa jangwa la mawe mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, na mvinje ndio ulioshika pale mingine iliposhindwa. Mti mvumilivu. Naona unafaa kwa wazee.

Bi Mkubwa wa Chini 19:58
Na asumini muweke. Mie nina mti wa asumini hapa nyuma, nitachuma jioni, uzi nitawafungia. Nyumba yenye wakongwe yataka harufu nzuri.

Katekista 20:14
Bi Mkubwa, Mungu akuzidishie.

Niwape jambo moja ambalo hunigusa kila nikilikumbuka. Mwaka 1839, mjini Hamburg kule Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini. Husimuliwa kwamba walimchosha kwa kuuliza Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu kuukuu, akapanga mishumaa juu yake, midogo ya siku za kazi na mikubwa ya Jumapili, kila siku wakiwasha mmoja. Shada letu la mishumaa minne limetokana na lile.

Mwaka huo huo wa 1839, wakati wa baridi, huko Saint-Servan nchini Ufaransa, mwanamke maskini aitwaye Jeanne Jugan alimchukua mjane mzee, kipofu, aliyepooza upande mmoja, jina lake Anne Chauvin. Chumba chake mwenyewe kilikuwa kidogo. Akampa kitanda chake, yeye akapanda kulala darini. Akaongeza wa pili, wa tatu. Akabeba kikapu, akapita nyumba kwa nyumba kuwaombea. Hapo ndipo shirika la Masista Wadogo wa Maskini lilipozaliwa, na hata Nairobi wana Nyumba ya Wazee. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Alikuwa amefariki tangu 1879, na miaka yake ya mwisho wengi hata wa shirikani hawakujua kwamba yeye ndiye mwanzilishi.

Majira yale yale, mmoja kwa watoto, mwingine kwa wazee. Sidhani walipata kusikiana.

Katibu 20:17
Hii naisoma kwenye jumuiya kesho. 

Sista 20:29
Sisi si wa shirika hilo, lakini Mtakatifu Jeanne Jugan tunampenda, na picha yake iko chumba cha kulia.

Kwa kuwa Katekista ametaja kikapu, niwaambie habari ya daftari letu. Tuna babu aliyefanya kazi bandarini Kilindini tangu kijana mpaka alipostaafu. Alizoea kuandika mizigo inayoingia. Basi huandika kila anayetuletea kitu, na kitu chenyewe, na tarehe. Asiyemjua jina humpa jina: "Mama wa mchele", "Kijana wa tuktuk aliyekataa nauli", "Mwenye samaki". Jioni baada ya Rozari anavaa miwani, anasoma majina kadhaa, na wazee wanajibu "Bwana umkumbuke". Akimaliza daftari anarudi mwanzo. Kwa hiyo aliyetuletea sabuni miaka mitatu iliyopita akasahau, bado anaombewa na watu thelathini.

Ndiyo maana nasema njooni kushukuru, si kutoa tu. Mmekuwa mkiombewa.

Bi Mkubwa wa Chini 20:33
Na sie wa misikitini tumo humo?

Sista 20:35
Umo Bi Mkubwa, tena mara nyingi. "Mama wa mbaazi, jirani." 

Bi Mkubwa wa Chini 20:41
Alhamdulillahi. Basi mbaazi za nazi na mahamri ya Jumamosi ni yangu, mtu asininunulie hata unga.

Muuguzi 20:58
Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Bi Mkubwa shikamoo. Naomba nami niseme ya kazi yangu.

Mbaazi ziive sana, chumvi kidogo, maana wengi wana presha. Mahamri yasitiwe sukari nyingi, na yachovywe kwenye chai kwa wasio na meno. Samaki msilete mwenye miiba. Mzee anayepaliwa kirahisi alishwe ameketi wima, kijiko kidogo, amalize kumeza ndipo umwongeze, na asilazwe papo hapo baada ya kula. Keki si lazima, wenye kisukari ni wengi na kumnyima mmoja mbele ya wenzake ni vibaya. Leteni mapapai yaliyoiva.

Joto la kaskazi ndilo linaloanza. Mtu akizeeka kiu hupungua ingawa mwili unataka maji. Ukiketi na mzee, mpe maji kidogo kidogo huku mnazungumza, hiyo peke yake ni huduma kubwa. Madafu muulize Sista kwanza, yana potasiamu nyingi, na mwenye figo dhaifu yanaweza kumdhuru.

Mishumaa: yule babu wa chumba cha mwisho anatumia oksijeni. Pale moto usikaribie, hata kiberiti. Vyumba vya wasioamka pelekeni vitaa vya betri.

Mama Pacha 21:02
Na pangaboi za ukumbini? Zikizimwa watatota jasho, zikiwashwa mishumaa haikai.

Bi Mkubwa wa Chini 21:05
Tieni kwenye chemni za kandili! Nina mbili nzima stoo.

Baba Pacha 21:06
Mbili nyingine nitazitafuta sokoni Marikiti.

Kiongozi wa Vijana 21:15
Sista, sasa sisi vijana tufanye nini hasa? Tuko kumi na wawili. Tunataka kweli.

Sista 21:31
Nimefurahi umeuliza. Gawanyikeni. Wanne kila Jumamosi ya Majilio, mje alasiri kabla ya mwanga kupungua. Kazi zipo: kukata kucha, kunyoa ndevu, kumsomea asiyeona Injili ya Jumapili, kusukuma viti vya magurudumu mpaka chini ya mwembe. Anayejua kushona ashone vifungo. Na mkifundishwa na wazee nyimbo zao za zamani za Majilio, mziandike, maana nyingine sijaziona kwenye kitabu chochote.

Wiki ya tatu padre atakuja kwa Kitubio, yaani maungamo, na Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kupakwa mafuta. Siku hiyo nahitaji mikono ya kuwaandaa. Na tafadhali waelezeni watu, Mpako si wa anayekata roho peke yake. Mzee aliyedhoofika anastahili kuupokea, na wetu huungoja kwa hamu. Jana bibi mmoja amenikumbusha leso yake mpya ioshwe kwa ajili ya siku hiyo, na bado wiki tatu.

Kiongozi wa Vijana 21:34
Tutakuja. Na Januari naweka zamu pia, Jumamosi moja kila mwezi. Naandika hapa mbele ya wote ili mnidai.

Katekista 21:35
Hapo umeng'oa kisiki.

Mweka Hazina 21:47
Mchango mpaka sasa ni shilingi 11,400. Napendekeza hivi: nepi za watu wazima ndizo zimeze nyingi, zinakwisha haraka na ni ghali. Unga wa wimbi, sabuni ya kipande, mafuta ya kujipaka. Mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi nimeshanunua. Sista, kuna mzee amenipa shilingi 200 nilipopita Jumapili, akasema ni ya mishumaa, ameitoa kwenye zile 2,000 za Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee. Nilitaka kumrudishia.

Sista 21:50
Usimrudishie. Andika jina lake kwenye orodha pamoja na wengine, umsomee Jumamosi.

Mweka Hazina 21:51
Nimeandika. Ni wa tisa.

Mwenyekiti wa Jumuiya 22:03
Basi tumeelewana. Jumamosi tarehe 29, saa tisa kamili, tukutane hapa stejini. Tutavika shada pamoja na wazee, tutasali Masifu ya Jioni, na mshumaa wa kwanza utawashwa Jumapili baada ya Misa yao. Atakayeuwasha ni bibi aliyesuka. Baba Pacha, gari lako lina nafasi ngapi?

Baba Pacha 22:05
Sita na mvinje. Mtu wa saba akikubali kupakata sufuria ya mbaazi, saba.

Sista 22:08
Njooni na mkasi pia. Wetu ni butu na majani ya mvinje ni magumu.