Mjadala: Mwanafunzi wa maendeleo apewe alama na wananchi?

Mleta hoja: Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), vijana wanaosomea maendeleo wanamaliza wakijua kuandika mradi na kujaza majedwali ya wafadhili. Kumjibu mama wa Kadutu anayeuliza pesa ya bomba iliishia wapi, hawajui. Sasa kuna wanaotaka uwajibikaji kwa jamii na ujumuishi viwe somo la lazima. Nakubali, kwa sharti moja: nusu ya alama itoke kwa wananchi. Njia ipo. Mwaka 2002 shirika la CARE lilianzisha kadi ya alama ya jamii kule Malawi: wanakijiji wanaipima zahanati yao, wahudumu nao wanajipima, halafu wanakaa pamoja kupanga nani atarekebisha nini. Mnasemaje?

Mwalimu, Ibanda: Alama za mtaani? Kijana atawanunulia watu soda, apite. Tuanze darasani, mengine yatafuata.

Dada wa Bagira: Mwalimu, samahani, hayo "yatafuata" tumeyasikia sana. Natembea kwa magongo. Nilialikwa kwenye semina ya ujumuishi: ghorofa ya pili, ngazi tupu, maneno yote kwa Kifaransa. Mama mmoja kiziwi niliyekuwa naye alipewa chai na karatasi ya mahudhurio asaini, basi. Bila shaka kwenye ripoti tulihesabiwa. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu tunayo nchini tangu Mei 2022, na waliotualika waliitaja mara kadhaa.

Kijana wa Panzi: Na chuo kitakachofundisha uwajibikaji, minervali zetu, yaani karo tunazolipa, kitazitolea hesabu? Kibandike ubaoni kwanza.

Mleta hoja: Kijana, naunga mkono, liwe zoezi la kwanza la somo. Mwalimu, hofu ya soda ina msingi. Ndiyo maana kila kundi litoe alama kivyake, wanawake, vijana, wenye ulemavu, kwa Kiswahili au Mashi, lugha ya Washi wa hapa, mwanafunzi akiwa nje. Kuwanywesha wote hao kutamgharimu kuliko minervali.

Mwalimu, Ibanda: Haya. Mfadhili asipoleta pesa, bomba likabaki kavu, mtoto wa watu apewe sifuri?

Dada wa Bagira: Hapana, Mwalimu. Maji hatumdai yeye. Tumpime kwa hili: alipojua pesa haiji, alikuja kutuambia lini, na alimwambia nani kwanza?

Mwalimu, Ibanda: Hilo naweza kulisahihisha.